Shusheni Kitale: Barua ya Wazi kwa Huduma kwa Wateja

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni iliyotuuzia hita ya gesi,
Bungoma.

Mheshimiwa,

KUH: MAJI YETU YA VUGUVUGU

Mulembe. Natumai waraka huu utawakuta wazima, mmeoga, mmekunywa chai. Mkitaka kujua hali yetu huku Kitale, sisi pia tu wazima, ila wageni siku hizi hawakai sana. Nimewapigia simu mara nane. Safari hii nimeona heri niandike, maana barua haina pa kuwekewa ule muziki wenu wa kumsubirisha mtu.

Nianze kwa shukrani. Katika simu ya kwanza mlinifumbua macho kwamba kosa ni tangi langu: liko chini mno, maji hayana nguvu ya kusukuma kile kiwambo cha ndani ili hita iwake. Nikanunua mbao, nikamlipa seremala, tangi likapanda mita tatu. Hita ikawaka, maji yakatoka vuguvugu. Katika simu ya pili mkasema maji sasa yanapita mbio kabla moto haujayapata, nikaze koki. Nikakaza. Hita ikazimika. Simu ya tatu kosa lilikuwa betri zangu, na ya nne mtungi wangu. Ya tano lilikuwa chujio langu, ambalo kweli nilipolifungua nilikuta mchanga safi wa kutosha kupiga lipu choo. Ya sita kosa likawa mama yangu: mlisema wazee huhisi baridi hata pasipo na baridi.

Mama yangu ana miaka 78. Nilinunua hita hii, shilingi 16,500, ili aache kubeba sufuria ya maji moto kutoka jikoni kwa magoti yale. Leo hita imening'inia ukutani kama picha ya harusi iliyovunjika, na sufuria bado inabebwa.

Samahani, sauti imepanda.

Fundi wenu alikuja, nisimsingizie. Alikuja saa nane mchana, jua likiwaka, tangi limeota tangu asubuhi na mtungi nao umepata joto. Akafungua koki, maji yakatoka ya kunyonyolea kuku. Akapiga picha, akanywa chai, akaandika "mteja ameridhika". Tangu hapo, kila tukimwita, yuko Kamukuywa. Sijui Kamukuywa kuna nini. Ombi dogo: aje saa kumi na moja alfajiri, na taulo lake. Lingine dogo: kwenye kile kitufe chenye picha ya jua na picha ya theluji, tuchoreeni ukungu wa Julai, maana theluji hatuna.

Simu ya saba sikutaka kuitaja. Mlinishauri nifunge dirisha la bafu na kuziba matundu kwa tambara ili joto lisitoroke. Wakati huo hita ilikuwa ndani ya bafu, mahali alipoifunga fundi wenu mwenyewe. Moto wa gesi unakula hewa, na hewa ikipungua hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia usingizi, hukaa chini kidogo apumzike, na hainuki. Kijitabu chenu kimeandikwa Kichina, lakini pale pamechorwa hita ndani ya bafu na kupigwa alama nyekundu ya msalaba. Hata mjukuu wa darasa la pili alielewa. Aliyenipa ushauri huo aliniita "mpendwa mteja". Alikuwa anamzika mama yangu kwa adabu. Hita niliihamisha nje kwa pesa zangu.

Turudi kwenye heshima.

Simu ya nane ndiyo iliyonifurahisha, kwa kuwa hatimaye kosa si langu. Mlisema hita ni nzima, iliyo na kasoro ni Kitale. Nikakaa nikafikiri, nikaona mna hoja. Hita hii haijui unataka moto kiasi gani. Inaongeza tu kile inachoweza. Ikiongeza nyuzi 20, maji ya Bungoma yaliyoingia na nyuzi 22 yatatoka na 42, mtu aimbe. Yetu ya alfajiri, yaliyolala juu ya mbao hadi nyuzi 13, yatatoka na 33. Na ule mtungi wa kilo 6 mliotufungia, ukilala nje kwenye baridi, gesi iliyo maji ndani yake inachelewa kugeuka mvuke, na moto unafifia. Hayo yote mliyajua mliponiuzia. Lori lenu ndilo lililoileta Kitale.

Basi ninaomba mshushe Kitale.

Sisi tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, ninyi karibu 1,400. Si lazima mtushushe zote 500, tusionekane wachoyo. Tushusheni 250, na udongo wetu mpeleke Bungoma, muinuke 250, tukutane katikati. Anzeni na mtaa wetu, ila mwendeshe kazi taratibu penye maghala ya mahindi. Reli iliyofika hapa mwaka 1926 ishusheni pamoja na mji, haitalalamika. Mlima Elgon msiuguse. Utabaki na mita zake 4,321, na kwa kuwa sisi tutakuwa chini zaidi, utapendeza zaidi. Mto Nzoia utapata taabu kidogo, kwani maporomoko ya Nabuyole kule Webuye huenda yakakosa pa kuporomokea, lakini mtawaeleza watu wa huko kwamba kosa ni mto wao. Udongo ni mzuri, msiumwage ovyo. Pandeni mahindi juu ya ofisi yenu. Na asubuhi ya kwanza mtakapoamka kwenye mita 1,650, Julai, kabla ya jua, fungueni koki. Tutakuwa tunasikiliza.

Kama kazi hiyo ni kubwa, iko nyingine ndogo: nirudishieni pesa, au mniletee hita yenye nguvu ya baridi hii na mtungi wa kilo 13. Mlangoni kwenu mmeandika udhamini wa mwaka mmoja, na miezi kumi imekwisha kwenye simu.

Risiti ninayo. Nauli ya Bungoma pia ninayo, na Jumatatu ninakuja na mama.

Wenu,
Mteja aliyeridhika,
Kitale.