Namna ya Kujifunza Kireno Usikijue Kamwe

Umeamua kujifunza Kireno, pengine kwa ajili ya biashara ya ng'ambo ya Ruvuma. Hongera. Fuata hatua hizi bila kukosa, na ubingwa wa kuanza upya kila mwaka utakuwa wako.

1. Tamba. Watangazie watu kwamba nusu ya lugha unayo tayari: meza ni *mesa*, bendera ni *bandeira*. Ukifika Nampula ukaalikwa *igreja*, kataa kwa ukali. Hujafanya kosa la kukupeleka gerezani. Wenyeji walikuwa wanakukaribisha kanisani tu.

2. Iache pua ipumzike. Mkate ni *pão*, na sauti yake hupitia puani. Wewe itoe kavu kavu, iwe *pau*, yaani kipande cha mti. Muuza mikate wa Maputo atabaki akijiuliza unataka kuni za nini asubuhi yote hiyo.

3. Ilalamikie jinsia. Nyumba, *casa*, ni ya kike. Gari, *carro*, ni la kiume. Uliza kwa uchungu ni nani aliyevikagua. Usikumbuke hata kidogo ngeli zako za M-MI, KI-VI na LI-YA, wala jinsi unavyomcheka mgeni akisema "kiti yangu". Kisha shika kanuni moja tu: kinachoishia na *a* ni cha kike. Kila asubuhi utasema *bom dia*, na hiyo *bom* itakunong'oneza kwamba *dia* ni ya kiume. Usiisikilize.

4. Shukuru kwa jinsia ya mwenzio. Mwanamume husema *obrigado*, mwanamke *obrigada*, yeyote anayeshukuriwa. Lakini wewe, baba mzima, mwambie mama wa watu *obrigada*. Si ndiye aliyekusaidia?

5. Kuwa ni kuwa. Wareno wana *ser* kwa jinsi mtu alivyo na *estar* kwa hali aliyo nayo. Chagua moja, uokoe muda. Mwenyeji wako akizidisha bia harusini, sema *é bêbado*. Alikuwa amelewa usiku mmoja, *está bêbado*. Wewe umeshamtangaza mlevi.

6. Weka miadi kwa hesabu ya kwenu. *Segunda-feira* ina "ya pili" ndani yake, na Jumapili nayo pia. Basi nenda ofisini Jumapili. Ukikuta kufuli, walaumu Wareno kwa kuanzia hesabu Jumapili badala ya Jumamosi kama waungwana.

7. Usizungumze na mtu. Jasho likikutoka, kimbilia Kiswahili. Cabo Delgado wapo wengi wa kukujibu. Ila jihadhari na mama muuza samaki asiyekijua. Huyo atakusahihisha bila ada, atacheka, atakurudisha neno mpaka likae, na kesho atakuuliza tena. Ukimzoea mwezi mmoja, utajikuta unapunguziwa bei kwa Kireno, na mwongozo huu hautakubali lawama.