Hesabu ya Mtaa wa Pili

Marekani dola yako inapokelewa jimbo lolote, lakini somo ulilolilipia kwa dola hiyo huenda likakataliwa mtaa wa pili. Vyuo vya jamii husomesha miaka miwili kwa ada nafuu, kisha mwanafunzi ahamie chuo kikuu amalizie shahada. Ndivyo kijitabu kinavyosema. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilikadiria kwamba wanaohama vyuo hupoteza asilimia 43 ya krediti za masomo waliyokwisha kufanya. Hazijapotea kama mbuzi, jamani. Zipo kwenye karatasi, na muhuri juu. Ni mheshimiwa wa chuo kikuu tu asiyeamini kwamba somo la takwimu la chuo cha jamii nalo ni takwimu.

California, yenye vyuo vya jamii 116, ilichora mpango wake mkuu wa elimu ya juu mwaka 1960. Sheria ya kuvitaka vyuo hivyo vitumie namba moja kwa somo lilelile, ili krediti zihamishike kwa urahisi, ikaja 2021. Haraka ya nini?

Wewe mwenye mpwa huko, mwambie atunze muhtasari wa kila somo. Siku ya kukata rufaa krediti zikikataliwa, huo ndio chuo kikuu kitakaomdai.