Kamati ya Saa 72 ya Sebuleni

Tunakaa Temeke, karibu sana na Uwanja wa Benjamin Mkapa, kiasi kwamba goli huwa tunalisikia kabla ya kuliona. King'amuzi huchelewa. Watu 60,000 wanapiga kelele kule, sisi huku bado tunamtazama mchezaji akienda kuokota mpira wa kona. Mgeni asiyejua hudhani tumepandwa na mashetani, maana tunashangilia mpira wa kurusha. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mimi ni Yanga. Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia mabao matano waliyofungwa Simba mwaka 1968 kama mtu anayesimulia harusi yake. Mke wangu ni Simba, tena si Simba wa juzi. Mama yake, tunayeishi naye tangu goti lilipoanza kumsumbua, aliipenda klabu ile ikiitwa Sunderland, kabla haijabadilishwa jina mwaka 1971. Kijana wetu wa darasa la sita alinifuata mimi. Dada yake akamfuata bibi. Kwa hiyo nyumbani kwangu mimi ni timu ngeni. Siku ya posa tulizungumza mahari hadi senti ya mwisho, lakini mambo ya timu hakuna aliyeniuliza.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 tulikaa sebuleni sote. Kennedy Musonda alitutangulizia mapema, Kibu Denis akasawazisha, tukaenda mapumziko moja kwa moja. Mama mkwe akamiminiwa chai, akasema mpira ni mzuri pande zote. Kipindi cha pili mpira ukawa mzuri upande mmoja. Max Nzengeli, kisha Aziz Ki, kisha Max tena. Bao la nne lilipoingia mke wangu alinyanyuka kwenda kuangalia mboga iliyokuwa imeiva tangu mchana.

Zikiwa zimebaki dakika chache, penalti. Pacome Zouzoua akauweka mpira chini. Kwenye runinga yetu alikuwa hata hajaanza kukimbia, mara mngurumo ukatoka uwanjani, ukapita juu ya mabati ya Temeke, ukaingia dirishani. Nikaruka. Niliporudi chini, nilirudi juu ya meza ya kioo.

Meza ile mke wangu aliinunua kwa zamu yake ya mchezo, wale kina mama kumi na wawili wanaopeana pesa kila mwezi. Ilikuwa na miguu ya rangi ya dhahabu na kitambaa cha kufuma, na kikombe hakikuruhusiwa kuwekwa juu yake bila kisahani. Sasa mguu wangu ulikuwa umesimama katikati ya fremu kama mtu aliyekanyaga dimbwi. Wote tukabaki kimya. Katika ukimya huo Pacome akapiga, akafunga. Tano moja. Hakuna aliyeshangilia.

Mama mkwe ndiye aliyeongea kwanza. "Mwanangu, umeshangilia goli ambalo halijafungwa."

Wafuatiliaji wa ligi yetu wanaijua Kamati ya Saa 72. Mechi ikiisha, kamati hukaa na taarifa za michezo na kugawa adhabu: mashabiki waliorusha chupa, timu iliyochelewa kuingia uwanjani, timu iliyosusa chumba cha kubadilishia nguo au iliyopita mlango usio rasmi kwa kuogopa kilichomwagwa kwenye ule rasmi. Jumanne jioni, saa 72 zikiwa hazijatimia, mama mkwe aliita kikao. Mwenyekiti alikuwa yeye, na aliyemteua ni yeye. Katibu alikuwa binti yangu, na daftari lake la hesabu.

Nilijitetea kwa hoja tatu. Kwanza, mwenyekiti ni Simba, mlalamikaji ni Simba, katibu ni Simba. Haki itatoka wapi? Mama mkwe akajibu kwamba hata refa ana kwao. Pili, uwekezaji. Nikasema kodi ya nyumba nalipa mimi, luku nanunua mimi, kwa hiyo nina sauti. Hapo nilijipalia makaa, maana mama mkwe alikuwa amefuatilia mabadiliko ya klabu yake hatua kwa hatua, tangu enzi ambapo mwenye kadi ya uanachama alikuwa ndiye mwenye timu.

"Kwetu mwekezaji ana asilimia 49, wanachama 51," alisema. "Mtu amekuja na mabilioni na bado anaishia 49. Wewe umekuja na luku."

Hoja ya tatu, ya kwamba furaha haina breki, haikusikilizwa. Kule Msimbazi, kwa Simba, wiki hiyohiyo waliachana na kocha wao, Robertinho. Nyumba haina kocha wa kufukuza, kwa hiyo mzigo ukabaki kwangu: nilipe meza kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa lililowekwa juu ya friji, na mechi ya watani inayofuata, upande wa Yanga usiingie sebuleni. Mechi bila mashabiki.

"Bibi," kijana wangu akasema, "mimi nimekosa nini? Nilikuwa nimekaa."

"Klabu hubeba makosa ya mashabiki wake, mjukuu wangu. Ndivyo sheria za mpira zilivyo."

Hakudanganya. Shabiki mmoja akirusha jiwe, klabu ndiyo inayopigwa faini, na uwanja ukifungwa wanaokosa mechi ni wote, pamoja na yule aliyekuwa anatafuna karanga zake. Kijana alinyamaza. Nilimwona akiitazama ile fremu tupu, kisha mguu wangu uliofungwa bandeji, kama anayetafuta mahali ambapo mguu wake uligusana na wangu.

Kanuni zikaandikwa na kubandikwa kwenye friji. Marufuku kutamka "makolo" au "utopolo", majina ya kejeli ya timu zetu, wakati wa kula. Marufuku kushika rimoti ukiwa umefungwa. Kushangilia mwisho makalio yaachane na kochi kwa kiganja kimoja. Na ya mwisho, ya mama mkwe mwenyewe: kila mtu apite mlango wa mbele, kwa kuwa mimi nilikuwa na tabia ya kuingia kimyakimya kwa mlango wa jikoni timu yangu ikifungwa.

Tarehe 20 Aprili 2024 tulitumikia adhabu. Mimi na kijana tuligeuza ndoo mbili chini ya dirisha la sebule, nje, tukawa tunasikiliza kupitia wavu wa mbu. Nikagundua jambo: kelele za goli zikitoka uwanjani hazina jezi. Zinakuja tu kama bati linaloburutwa, huwezi kujua ni za nani. Ikabidi tusikilize ndani. Kukiwa na vigelegele, wamefunga wao. Kukisikika kijiko kikitupwa kwenye kikombe, tumefunga sisi. Jioni ile tulihesabu vijiko viwili na kigelegele kimoja. Yanga mbili, Simba moja. Tulishikana mikono gizani, huku mbu wakitumaliza.

Ningeweza kuishi na hasira yangu miaka mingi, lakini mpira una tabia ya kuzunguka. Tarehe 15 Desemba 2024 Simba waliifunga CS Sfaxien ya Tunisia bao la dakika za nyongeza, fujo ikazuka jukwaani, viti viking'olewa na kurushwa. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2016 mechi ya watani iliacha viti zaidi ya elfu vikiwa vimevunjwa uwanjani humohumo. Safari hii CAF wakaamua: Simba wacheze na CS Constantine ya Algeria bila mashabiki.

Mke wangu alikuwa ameshapanga kwenda na wenzake wa tawi. Jezi ilikuwa imepigwa pasi. Tarehe 19 Januari 2025 akakaa nayo kwenye kochi, mikono kifuani. Dirisha lilikuwa wazi na hakuna kilichoingia zaidi ya honi za bajaji. Simba walifunga mara mbili, na mara zote mbili tuliliona goli kwanza kwenye runinga, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Ushindi ulikuwa kama harusi isiyo na ngoma.

"Mimi sikung'oa kiti chochote," mke wangu alisema, akiwa haongei na mtu.

Kijana wangu alikuwa mkekani na kazi yake ya shule. Hakuinua kichwa. "Na mimi sikuvunja meza."

Mama mkwe alikohoa, akasema kifungu hicho kitatazamwa upya. Lakini kamati ni kamati, hata ya nyumbani: kifungu kikatazamwa, kikaendelea kutazamwa.

Ikafika Machi. Mechi ya watani ilipangwa Jumamosi ya tarehe 8. Adhabu yetu ilikuwa imekwisha, na mke wangu alipika pilau ya kuku tangu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, wakasema kanuni inampa mgeni haki hiyo, hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku yenyewe. Yanga wakaenda uwanjani hivyohivyo.

Mimi nilikuwa wa moto. "Mazoezi ya jioni moja ndiyo yakufanye ugomee mechi? Watu wametoka mikoani!"

"Kanuni ni kanuni," mke wangu akasema.

"Kanuni gani inasema usicheze?"

Akaweka mwiko chini. "Baba watoto, tarehe 8 Mei 2021. Mechi ilisogezwa kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Yanga walikuja kwa saa ya zamani, wakasubiri, wakaondoka. Ulisimama hapohapo ulipo. Ulisema nini?"

Nilikumbuka vizuri sana. Nilisema kanuni ikishasema imesema, na anayeibadilisha dakika za mwisho ndiye mvunjaji.

"Na wewe ulisema," nikamjibu, "mwenye nia ya kucheza hashindwi kusubiri."

Akaokota mwiko. Tulikuwa tumebadilishana maneno kama mashoga wanaoazimana vitenge; kila mmoja alimkuta mwenzake amevaa chake. Tulikula pilau bila mechi na bila maneno. Kwa muda nilikuwa nikiamini kwamba ninaipenda haki. Siku ile, huku nikichomoa iliki kwenye meno, niliona kwamba nilichokuwa nakipenda ni kanuni inayokaa upande wangu, na kwamba kila miaka michache huwa inahama bila kuniaga.

Aliyetutoa hapo ni mwenyekiti. Jumatano ya tarehe 9 Aprili Simba walicheza na Al Masry ya Misri, wakihitaji kurudisha mabao mawili waliyofungwa ugenini. Mabao mawili yakarudi. Zikaja penalti. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi na chupa ya chai mapajani, akisoma dua chini kwa chini. Penalti ya mwisho ilikuwa bado haijapigwa kwenye runinga yetu mngurumo ulipoingia dirishani. Yule mwanamke mwenye goti bovu alisimama kama msichana. Chupa ikaruka, ikagonga sakafu, na ndani yake tukasikia ile sauti ya kioo kinachomwagika ndani ya bati.

Kijana wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga kidole. Hakukuwa na haja.

"Nimeshangilia goli ambalo halijafungwa," mama mkwe alisema.

Hakungoja saa 72. Asubuhi, kabla ya uji, alituketisha, akafungua pindo la khanga yake, akatoa noti tatu za elfu kumi na kuzitia kwenye kopo langu. Akamwamuru katibu aandike jina lake chini ya langu, kwa mwandiko uleule. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Kwa sheria ile niliyokuhukumu nayo, mama yako na dada yako wasitazame mechi ijayo. Sema wewe. Nilikuonea mwaka mzima."

Mke wangu alinitazama, akingoja nidai changu. Nakiri, nilikuwa nimekwisha kuziwazia ndoo mbili chini ya dirisha, na nani akae ipi. Lakini sikuwa nimeulizwa mimi.

"Wao walikuwa wamekaa tu," kijana akasema. "Waache watazame."

Kifungu kikafutwa kwa kalamu ya wino. Kuanzia siku hiyo, aliyevunja ndiye anayelipa.

Mechi iliyoahirishwa ilichezwa tarehe 25 Juni 2025, na waamuzi wakaletwa kutoka Misri, kwa kuwa kila refa wa hapa angeonekana ana kwao. Yanga walishinda mbili bila. Nilishangilia kwa kiganja kimoja tu juu ya kochi, kama kanuni inavyotaka, na mama mkwe akanipa mkono.

Pesa za kopo zilikuwa zimetosha. Tulikuwa tumeagiza kwa fundi wa Keko meza ya mninga, nzito, isiyo na hata kipande cha kioo. Fundi aliahidi kuileta kabla ya mechi, na kama ilivyo desturi ya mafundi, akaileta baada yake, gizani, juu ya guta. Tukaijaribu mlango wa mbele: ikakwama kwenye geti la chuma. Tukaigeuza kwa ubavu: ikakwama. Mimi na kijana wangu tukainyanyua, tukazunguka nyuma, tukaipitisha jikoni kati ya jiko la gesi na ndoo za maji, hadi sebuleni, jasho likitutoka.

Mama mkwe aliikagua, akapitisha kiganja juu ya mbao, akaridhika. Kisha akautazama mlango tulikotokea.

"Mlango usio rasmi," alisema.

Binti yangu alikuwa amekwisha kufungua daftari.