Mpini Mmoja, Vichwa Vitano

Katika nyumba ya Kiswahili hakuna cha mtu. Shati langu la Ijumaa mdogo wangu hulirudisha Jumatatu, likinukia manukato nisiyoyajua. Kandambili zangu ni za kila mgeni anayeelekea chooni. Chaja ya simu niliinunua mimi, lakini anayejua iliko ni kijana wangu wa darasa la sita. Kitu kimoja tu nilikimiliki bila ubia: mswaki. Hajawahi kutokea mtu akaniambia, "Niazime mara moja, nakurudishia." Mke wangu, tunayekula sahani moja na kulala kitanda kimoja, mswaki wangu hausogelei. Ndugu akisahau wake safarini, yuko radhi asugue meno kwa kidole na chumvi kuliko kuutazama wangu.

Sasa na huo umekwenda.

Aliyeniponza ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeishi Ujerumani. Alipokuja likizo, wenzangu aliwaletea viatu na mikoba. Mimi akaniletea mswaki. Hebu tafakarini. Mtu ana mizigo iliyopimwa kwa kilo, kila gramu ina hesabu yake, na humo ndani anatenga nafasi ya mswaki wa shemeji yake. Sebule nzima ilinitazama mdomoni. "Ni wa umeme, shem," akawahi kusema, "halafu una pande tatu!" Nikamshukuru huku nimefumba midomo.

Pande tatu zenyewe ni hivi. Mswaki tuliouzoea una uso mmoja. Unasugua nje ya jino, unageuza mkono unasugua ndani, unageuza tena unasugua juu, pale panapotafuna. Upande wa ndani wengi wetu tunaupunja, kwa kuwa hautokei kwenye picha. Huu wa shemeji kichwa chake kina kuta mbili na dari: ukuta mmoja wa nyuzi unakaa nje ya jino, mwingine ndani, na dari inafunika juu. Jino linaingia katikati na kusafishwa pande zote tatu kwa mpigo mmoja. Nyuzi za ukutani zimelazwa mshazari ili ncha zifike pale jino linapokutana na ufizi, ambako ukoga hupenda kujificha. Kazi yako wewe ni kuupeleka polepole, jino kwa jino. Kusugua ni kazi ya mota.

Hilo la kutosugua ndilo lililonikera mwanzo. Sisi tumelelewa tukisugua meno kama sufuria la wali ulioungua. Mswaki usipotoka umepinda, hujapiga mswaki. Huu ukiukandamiza unawasha taa nyekundu na kupunguza mwendo, umenuna. Binti yangu Zuhura, anayesomea afya ya kinywa, akasema mswaki una haki. Nguvu haziongezi usafi. Zinakwangua shingo ya jino na kuurudisha ufizi nyuma. Nimeishi hadi kukaripiwa na mswaki, na mwanangu wa kumzaa akasimama upande wa mswaki.

Yeye pia ndiye aliyetangaza kwamba jino lina pande tano, si tatu. Mbili zilizobaki ni zile linapobanana na majirani zake kushoto na kulia, na huko hakuna mswaki unaofika, uwe wa mti, wa plastiki au wa Ujerumani. Huko unapita uzi wa meno. Kwa hiyo nimeletewa zawadi ya pande tatu ikiwa na deni la pande mbili, na uzi huo nimeununua mwenyewe.

Tukaja kwenye chaja. Ina miguu miwili myembamba ya duara, na soketi zetu ni za matundu matatu ya pembe nne. Ikabidi tundu la juu lichokonolewe kwa kifuniko cha kalamu ili vilango vya chini vifunguke, jambo ambalo mafundi wote wanalikataza na nyumba zote zinalifanya. Bafuni kwetu soketi haipo, na mtu mwenye akili hataki umeme anapoogea kwa ndoo. Mswaki wangu ukahamia sebuleni, ukasimama kando ya televisheni, taa yake ya kijani ikipepesa. Na kitu kikishasimama sebuleni kimeshakuwa cha umma. Mgeni mmoja aliuliza kama ni kipaza sauti. Mzee mmoja wa mtaa aliusikia unavyonguruma, akaomba tumkande bega.

Balaa lenyewe lilikuwa chini kabisa ya boksi. Mke wangu alikuwa akitafuta risiti, akakuta vichwa vingine vinne, kila kimoja na pete ya rangi yake. "Kumbe vichwa vinatoka, Baba Zuhura!" Vinatoka, ndiyo. Vimetengenezwa vibadilishwe, maana nyuzi za mswaki wowote huchoka baada ya miezi mitatu hadi minne. Vile vinne vilikuwa akiba yangu mimi. Nyumba yangu ikazisoma pete kwa namna nyingine: njano ya mama watoto, nyekundu ya Zuhura, kijani ya kijana, nyeupe ikawekwa kwanza. Buluu nikaachiwa mimi, na nikaambiwa nishukuru.

Nikapinga kwa hoja za afya. Zuhura akanijibu kwa hoja za afya. Kichwa ni cha mtu na hakiazimwi, alisema. Mpini unashikwa tu, ukifutwa umekwisha. Kisha akanitolea utafiti. Mwaka 2014 jopo la watafiti wa Cochrane lilipitia majaribio 56 yaliyolinganisha miswaki ya umeme na ya mkono. Kwa waliotumia ya umeme zaidi ya miezi mitatu, ukoga ulipungua kwa asilimia 21 zaidi na uvimbe wa fizi kwa asilimia 11. "Baba, kweli unataka kuwanyima wenzio asilimia 21?" Baba gani atajibu "ndiyo" mbele ya mama yao?

Tangu hapo asubuhi yetu ikawa foleni. Kila mtu na kichwa chake mkononi, akingoja mpini. Kila mmoja anatakiwa amalize dakika mbili asubuhi na mbili usiku. Karatasi ya mswaki inadai pande tatu hazihitaji hata dakika mbili, lakini Zuhura hataki kusikia habari za karatasi. Anasimama mlangoni kama askari wa zamu: "Teme, usisukutue!" Eti dawa ya meno ina floraidi, na ukisukutua kwa maji mengi unaiosha kabla haijafanya kazi yake ya kuimarisha jino. Mimi niliyesukutua kwa kopo zima tangu utoto natoka bafuni na povu kwenye ndevu, kwa amri. Foleni ikinifikia, betri imekwisha. Siku nyingine mpini haupo kabisa. Kijana nimemkuta nao jikoni, anapima kama unaweza kukoroga maziwa ya unga.

Hata kuzungumza nikanyimwa. Mswaki wa mkono ulikuwa wa kutembea nao. Unauweka shavuni, unatoka uani, unasalimiana na jirani, unauliza habari za bei ya mkaa, unarudi kumalizia. Huu ukiutoa mdomoni kabla ya kuuzima, jirani anapata salamu pamoja na povu.

Mdogo wangu, yule wa shati, aliposikia habari hizi alifika haraka kuliko anavyofika kwenye msiba. "Kaka, hakuna kichwa cha ziada?" Nyeupe ikapata mwenyewe. Nikaenda Kariakoo kutafuta akiba mpya. Muuzaji akakigeuza kichwa cha mfano, akakinusa, akakigonga mezani. "Cha pande tatu sina, mzee. Chukua hiki cha duara. Ukilazimisha kinaingia." Nikamwambia mdomo wangu si mahali pa kulazimisha.

Ndipo akaja mama kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki. Baridi yabisi imemshika vidole, mswaki mwembamba unamponyoka na kuanguka kwenye beseni. Meno yake mwenyewe bado imara, na sifa zote anaupa mti wa mswaki aliotafuna ujanani. Akauona ule mpini mnene, akaufumbata, akatabasamu. "Huu unanishikika, mwanangu." Akabandikiwa nyekundu mpya kabisa, kwani Zuhura, askari wa zamu, alikuwa bado hajaianza, na kwa kuwa kichwa chenyewe kinakumbatia jino, hakuna cha kugeuza kifundo cha mkono huku na huku. Alipomaliza alipitisha ulimi kwenye meno, akasema yanateleza.

Zuhura, ambaye hakosi la kuongeza, akatueleza kwamba mswaki wa umeme ulibuniwa Uswisi mwaka 1954 na Philippe-Guy Woog, ukaitwa Broxodent, na waliolengwa hasa ni wagonjwa ambao mikono yao haiwatii, pamoja na wenye nyaya za kunyoosha meno. Watu wote wakanigeukia. Nina vidole kumi vizima na sina waya hata mmoja. Nikatazama dari.

Mama alipoondoka, mpini uliondoka naye, chaja iliondoka naye, na kifuniko cha kalamu aliuliza kama ni sehemu yake, akapewa. Sisi tuliobaki tuna vichwa vinne vya rangi na ndugu wanaolaumiana. Shemeji ameambiwa, amefurahi, ameahidi kuleta mwingine "wa familia nzima". Neno hilo limeninyima usingizi.

Wiki hii mama alipiga simu. Mswaki mzima, meno mazima, ila shoga yake wa nyumba ya pili naye vidole vinamsumbua. Sasa kile kichwa changu cha buluu, kwa kuwa mimi sikitumii, nimpelekee kwa basi. Zuhura akaninyang'anya simu: "Bibi, kichwa kilichotumika hakigawiwi!" Kwa mara ya kwanza katika jambo hili zima mtoto alikuwa upande wangu, na nilijisikia vizuri kwa muda wa pumzi moja. Mama akafikiri, akasema basi tusijisumbue kutuma cha zamani. Ninunue vipya viwili: kimoja cha shoga yake, na kimoja cha shangazi, maana shangazi naye amesikia.