Mlango wa Mke Mwenza

Ndugu msomaji, ukiwa na mke, watoto wawili, mama mkwe anayeshuka kutoka Tanga bila taarifa, na gari la milango miwili, basi mimi na wewe ni ndugu hata kama hatujawahi kuonana. Sogea karibu nikupe habari za nyumbani.

Gari lenyewe ni Toyota Celica, lile toleo la mwisho lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006. Nililinunua enzi za ubachela, nikiamini kijana mwenye gari lililochongoka namna ile hakosi mchumba. Kweli sikukosa. Mchumba alipoingia ndani akalibatiza gari jina la Mke Mwenza, na mpaka leo likigoma asubuhi ananiuliza, "Mwenzangu anaumwa nini tena?" Sauti haina huruma hata chembe.

Sasa, Mke Mwenza ana milango miwili tu, kwa hiyo kila mlango unafanya kazi ya miwili. Ni mirefu na ni mizito. Huu wa kushoto, wa abiria, ndio wanaopitia watoto kwenda kiti cha nyuma, ndio unaoingiza kikapu cha sokoni, na ndio ulioanza vituko. Kwanza ulilia "ko!" kila ukifunguliwa. Baadaye mlio ukaisha wenyewe, na mwenye gari kuukuu anajua kwamba mlio ukiisha bila fundi kuugusa, jambo limeshakuwa kubwa. Mlango ukaacha kusimama. Ukiufungua unarudi, na ukichelewa kutoa mguu, shauri yako.

Kila mtu akajitafutia namna ya kuishi nao. Mke wangu, Mama Nasra, alikuwa anaufungua kwa mkono, anauzuia kwa nyonga, anatupia kikapu ndani na kuchomoka kabla haujamfikia, huku anaongea na simu. Kijana wangu, tunayemwita Bodaboda kwa sababu hana breki, aligundua kwamba ukisokomeza kandambili kwenye upenyo wa bawaba, mlango unatulia. Ndiyo maana kwa muda mrefu nyumba yetu ilijaa kandambili za mguu mmoja.

Shemeji yangu naye tunamwita Profesa. Chuo hakumaliza, lakini jibu hajawahi kulikosa. "Shemeji, hizo bawaba zimechoka," akasema. "Hapo ni kuchomelea tu." Nikaushika mlango kwenye ncha, nikaunyanyua. Bawaba zikichoka, mlango huwa unacheza juu na chini. Huu haukucheza. Profesa akatafakari kidogo, akasema basi ni upepo.

Na mambo yangebaki hivyo hadi leo kama mlango usingemgusa Mama, yule mkwe wangu wa Tanga. Nyumbani kwetu kitu hakitengenezwi kwa sababu kimeharibika. Kinatengenezwa kikimgusa Mama. Celica iko chini, na kutoka humo kwa mtu wa umri wake ni safari: kwanza mguu, kisha dua, kisha anashika mlango na kujivuta. Tulikuwa kwenye harusi, pale nje ya ukumbi pana mteremko kidogo. Mlango ukajirudi, ukamgonga kwenye ugoko na kulibana dera lake jipya, mbele ya ukoo mzima wa bwana harusi. Mama hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Baba Nasra, mwanangu, gari lako limenishika nguo." Usiku ule ule Mama Nasra akanipangia ratiba ya Jumamosi.

Nikueleze kidogo, usije ukababaishwa gereji. Kinachoshikilia mlango ni stopa. Ni mkono wa chuma uliofungwa kwa bolti kwenye nguzo ya bodi, kati ya bawaba mbili. Mkono huo unaingia ndani ya mlango na kupita kwenye kiboksi kilichofungwa ukingoni. Humo ndani mna plastiki ngumu zinazoubana kwa nguvu ya springi. Mkono una vinundu na mabonde: kinundu kinapita kwa shida, halafu plastiki zinatumbukia bondeni, na hapo ndipo mlango unaposimama. Mwisho wa mkono kuna kizuizi, mlango usije ukaenda mbele na kubamiza fenda. Miaka ikipita grisi inakauka, vumbi linaingia, plastiki inalika na springi inalegea. Milango mirefu inaumia mapema zaidi, maana hata mtoto akiusukuma kule mwisho, nguvu inayofika kwenye kichuma hicho ni kubwa. Sembuse Mama akijivuta.

Jumamosi ikafika. Nikaitafuta bisibisi yangu ndefu na nyembamba, niliyoinunua makusudi kwa kazi za namna hii. Nikaikuta jikoni. Mama alikuwa anageuzia vitumbua. Anaichoma pembeni, anaizungusha kidogo, kitumbua kinapinduka chenyewe, kimeiva rangi ya dhahabu. "Hii ni nzuri kuliko ile yangu ya Tanga," akaniambia. Niambie wewe, mkwe gani ananyang'anya bisibisi hapo? Nilisubiri unga uishe. Nikala vitumbua.

Paneli ya mlango ilitoka kwa kelele. Skrubu hazina shida, shida ni klipu: plastiki ya miaka ile imeshakuwa kavu, ukivuta inakatika. Binti yetu Nasra, tunayemwita CAG kwa jinsi anavyokagua kila kitu, alikaa pembeni na kopo, anapokea kila skrubu na kuiandika daftarini. Nyuma ya paneli kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka milele. Nikaibandua taratibu, nikafungua bolti, nikaitoa stopa kupitia tundu la ndani, nimevaa glovu za mpira za Mama Nasra kwa sababu kingo za bati mle ndani zinakata.

Stopa ikishatoka, mlango hauna wa kuuzuia usigonge fenda. Profesa akakabidhiwa kuushika, na kwa tahadhari nikaufunga pia kwa kanga iliyokuwa kwenye kamba, kutoka kwenye mlango hadi kwenye mguu wa kiti. Nikaenda kwa wauza spea wa Ilala, Shaurimoyo, na stopa ya zamani mkononi. Hilo usilisahau: usiende na maneno, nenda na kitu. "Kushoto au kulia?" muuzaji akauliza. Tukalinganisha urefu wa mkono na matundu ya bolti, kisha nikauvuta mkono kwenye kiboksi chake. Uliokuwa unateleza tu nikauacha, huo ni mgonjwa mwenzake. Uliokuwa unabisha ndio niliolipia.

Narudi, Profesa hayupo. Alipigiwa simu, akaondoka nayo. Upepo unavuma, mlango uko wazi, na kanga imeushikilia peke yake. Ila imejaa gundi na grisi, na kumbe ni ya Mama. Doti mpya ilinigharimu zaidi kuliko stopa.

Nikaiosha stopa kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaipaka grisi nzito, nikashika bolti zote kwa vidole kwanza ndipo nikakaza. Nailoni nikairudisha vizuri, maana ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayoshuka na kioo yasiingie ndani ya gari. Wakati wa chakula cha usiku CAG akasoma taarifa yake: klipu tatu zimevunjika, bisibisi imekutwa na mafuta ya vitumbua, kanga moja imetumika nje ya bajeti. Akanipa hati yenye shaka.

Mlango sasa unasimama pale unapoachwa, haurudi hata kwa upepo. Nikadhani nimeshinda. Kumbe Mama ameona kwamba kiti cha Mke Mwenza kina kivuli na hewa nzuri, panafaa kuchambulia mchele. Jioni anakaa humo, mlango wazi, ungo mapajani, anapokea wageni wa uani. Akiondoka, mlango unabaki wazi, maana stopa inafanya kazi yake barabara. Na mlango ukibaki wazi, taa ya ndani inabaki inawaka. Asubuhi betri imekufa, nami niko getini kwa jirani naomba anibustie, huku Profesa akieleza kwamba tatizo ni alterneta.

Kwa hiyo, ndugu yangu, stopa ikianza kulia "ko", kaza bolti na utie grisi mapema, kabla mlango haujamgusa mtu mwenye cheo nyumbani kwako. Ukishaitengeneza ikapona kabisa, izime ile taa ya ndani siku hiyo hiyo. Ya mama mkwe kukaa humo usiyaguse, hayana fundi.