Goli Katikati ya Salamu

“Shemeji, kumbe Kihispania unakimwaga hivi!”

Ilikuwa Jumamosi jioni, ndani ya gari la shemeji yangu, chini ya dirisha langu hapa Columbus, Ohio. Familia nzima ilibanana kusikiliza kipindi changu cha taarabu na salamu kwenye kilohezi 1610. Nilikirekodi mapema makusudi, ili sifa zinikute nimekaa kiti cha mbele. Jua likazama. Nikiwa katikati ya kumwamkia mama mkwe kwa heshima zote, ukaingia mluzi, kisha mtangazaji wa mpira akalia goli kwa pumzi isiyokwisha. Watoto wakashangilia.

Sheria ya Marekani inaniruhusu kurusha matangazo ya AM bila leseni, mradi nguvu inayoingia hatua ya mwisho ya mtambo isizidi wati 0.1, na antena na nyaya zake, ule wa ardhini ukiwemo, zisipite mita 3. Mchana inatosha kumfikia jirani, maana jua huunda, kilomita 60 hadi 90 juu yetu, tabaka la hewa lenye chembe za umeme linalomeza mawimbi ya AM yanayopanda. Jua likitua tabaka hilo hutoweka, na mawimbi hupaa hadi matabaka ya juu zaidi, hupindwa, yakarudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Mengine hudunda na kupaa tena! Na ule mluzi? Mitambo miwili ikipishana kwa hezi 500 tu, tofauti hiyo ndiyo inayolia. Nimeusikiliza hadi usingizi ukanipita.

Lakini kuna jambo linalonikera kwelikweli. Mwaka 1934 WLW ya Cincinnati, mji wa humuhumu Ohio, iliruhusiwa kurusha kwa wati 500,000. Kituo kimoja cha Toronto kikalalamika kuingiliwa, ikabidi WLW ipunguze nguvu zake za usiku. Mwenye mnara akilalamika, anasikika. Mimi kanuni zinaniambia nisimwingilie mtu, na nikiingiliwa, nivumilie. Basi. Hata mpangaji ana haki ya kugonga ukuta.

Nikahamia 1700, nikamkuta mhubiri.

Nikahamishia kipindi saa sita mchana. Anga ikawa shwari, sauti yangu safi kabisa, na wasikilizaji wangu wote wako kazini.