Namba za Marehemu

Saa mbili asubuhi wazee watano walikuwa wamekwisha kaa sebuleni na kofia zao, gari la kwenda Pangani liko nje, na mahari ya shemeji yangu imo ndani ya sanduku ambalo hakuna aliyeweza kulifungua.

Chanzo ni kitabu. Mwezi mzima nilikuwa nikisoma The Da Vinci Code, riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003, na kila usiku baada ya chakula nikiwasimulia mama mkwe na mwanangu kwa Kiswahili. Paukwa, pakawa, kisha tunaingia Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ambako mzee mmoja amepigwa risasi, na kabla ya kukata roho kaandika namba sakafuni kwa wino usioonekana mpaka umulikwe taa maalumu. Sura za kitabu hicho ni fupi, na nyingi hukatika pale pale mlango unapofunguka. Nami nilikatia hapo hapo. Mama mkwe hunishika mkono: "Usilale, mwanangu. Nani yuko nyuma ya mlango?" Niliwaeleza kwamba kile chama cha siri, Priory of Sion, kitabuni ni cha tangu mwaka 1099, lakini kwa kweli kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akataka tuendelee, muuaji hajakamatwa.

Mwanangu ndiye aliyeingiwa zaidi. Kabla ya kurudi bweni, bibi yake alimpa kufuli jipya la namba alifungie sanduku la mahari. Akapanga namba zake, akamnong'oneza: "Bibi, nimeweka za marehemu." Na shuleni kwao simu haziruhusiwi.

Kufuli lina vigurudumu vitatu, kwa hiyo namba 1,000, tangu 000 hadi 999. Nilijiona nina jibu mkononi. Namba za marehemu zimevurugwa. Ukizipanga unapata 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, kila moja ikiwa jumla ya mbili zilizoitangulia, mfuatano wa Fibonacci. Zikishapangwa hivyo ndizo zinazofungua amana ya benki humo riwayani. Nikajaribu 112. Nikajaribu 123, 235, 358. Vidole vilitoka jasho. Mjomba wa mume wangu akatazama saa. Mume wangu akaja na msumeno wa chuma, na hapo mama yake akainuka akalikalia sanduku.

"Halikatwi. Mume wangu kaniachia neno."

Mume wake huyo ni mjukuu. Akanigeukia. "Mwanangu, wewe unazipanga. Marehemu alizipanga?"

"Hakuzipanga, mama."

"Basi alianza na ipi?"

Nikakimbilia kitabu. Niliufungua ule ukurasa wa sakafu ya Louvre kwa pupa hata ukachanika pembeni: 13, kisha 3, kisha 2, kisha 21. Mama mkwe hakunipa kufuli. Alilizungusha mwenyewe, kigurudumu kimoja kimoja: moja, tatu, tatu.

Likalia ta.

Bahasha ilikuwa juu kabisa, imefungwa ndani ya kanga. Tuliondoka saa tatu kasoro. Tulipovuka daraja, mjomba, ambaye asubuhi yote hakusema neno, aliniuliza huyo marehemu ni wa ukoo gani na nani kamuua.

"Paukwa," nikasema.

Gari zima likaitikia.